Mama Aliyekataa Kumzika Mwanawe

Habari ya kifo chake niliipata Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado ya moto mkononi. Jirani yangu alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema yule mama wa mapanki wa Mkuyuni amefariki hospitalini alfajiri. Nikauliza swali la kijinga ambalo wengi wetu huliuliza tukipata habari za namna hiyo: "Amefariki kabisa?" Jirani hakunicheka. Alisema, "Kabisa, mwandishi," akavaa kofia yake akaenda kuwaarifu wengine. Mimi nikabaki nimesimama palepale, na wazo la kwanza lililonijia halikumhusu marehemu. Nilijiuliza mwanawe ataambiwa nini akirudi. Nikashtuka mwenyewe, maana miaka yote hii nilikuwa upande wa wale waliosema kwamba mwanawe hatarudi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sipendi tabia yetu ya kumsifu mtu akishakufa, mtu aliyekuwa mgomvi jana, leo mchana amekuwa malaika. Mama huyu hakuwa malaika. Alikuwa mkali na mbishi, na ulimi wake ulikuwa haupitishi jambo. Kila nilipopita pale alipokaangia samaki, pembeni mwa soko, alilitazama shati langu kwanza kabla ya kuitikia shikamoo. "Marahaba, mwandishi. Na hilo umemvua Mzungu wa wapi?" Alikuwa na haki ya kusema. Kwa miaka mingi alikuwa mfumaji katika kiwanda kimoja cha nguo hapa mjini, na vitenge vilivyopita mikononi mwake viliwavika watu wengi wa kanda hii. Kisha likaja soko huria, mitumba ikajaa kila kichochoro, mitambo ikasimama, na wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani wakasubiri mwekezaji. Akaenda nyumbani. Alipoona mwekezaji haonekani akanunua karai, akaanza kukaanga mapanki, yale mafuvu na mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda vya samaki kuchukua minofu na kuipeleka Ulaya. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tukawa tunanunua mifupa. Mama huyu alikuwa akiitia chumvi na pilipili akasema, "Kuleni tu, minofu inawanenepesha bure."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Baba yake alikufa zamani. Viwanda vya samaki vilipoanza kununua sangara kwa pupa, vijana wa mji huu waliacha kazi zao wakakimbilia makambi ya wavuvi visiwani, na huyu naye akaenda, akamwacha mkewe na binti yao mdogo pale Mkuyuni kwa mama. Alikuwa akirudi kila mwezi mbalamwezi ilipong'aa na samaki wakawa hawavuliki vizuri. Mwezi mmoja hakurudi. Baadaye ikaja habari kwamba mtumbwi wake umeonekana umepinduka upande wa mbali wa Ukerewe, mashine ya kuuendesha haipo, na yeye na wenzake wawili hawaonekani. Walitafutwa. Hakuna mwili hata mmoja uliopatikana. Wavuvi wakasema ni dhoruba. Mama akauliza mashine ilikwenda wapi. Akaambiwa imezama. Akasema, "Dhoruba inapindua mtumbwi, sawa. Haifungui skrubu." Na ni kweli kwamba siku hizo kulikuwa na majambazi ziwani waliokuwa wakipora mashine, na kulikuwa na hadithi za wavuvi waliochukuliwa wakaachwa ng'ambo ya mpaka. Basi akaishika hadithi hiyo kwa mikono yote miwili, akaanza kumngoja.

Nieleze jinsi alivyomngoja, kwa sababu wengine walidhani ni ukichaa, na haukuwa ukichaa. Alikuwa anajua kila tunachokijua. Kila asubuhi alikwenda misa ya kwanza kabla ya kwenda kuchukua mapanki, akapiga magoti upande wa kushoto karibu na nguzo, akasema maneno yake. Siku moja nilimwuliza anamwambia Mungu nini kila siku, kwani hachoki kurudia? Akanijibu huku anageuza samaki, "Nimemwuliza swali. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Kwetu mtu akiwa hajakujibu huondoki mlangoni kwake, utaonekana huna adabu." Nikacheka, naye akacheka. Lakini ipo asubuhi nyingine ambayo sitaisahau. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake, karai halijawekwa motoni, machozi yanamtoka wazi mbele ya wateja. Nikasema, "Mama, vipi leo?" Akasema, "Leo imani sina, mwandishi. Nimekuja na mafuta na chumvi tu." Nilinunua mapanki ambayo sikuyahitaji, nikaenda zangu nimebeba mfuko wa gazeti unaovuja mafuta, nikijiona sina maana yoyote. Kesho yake asubuhi waliomwona kanisani walisema alikuwa pale pale karibu na nguzo.

Kanisani hapohapo ndipo alipowanyamazisha watu. Ilikuwa Novemba, mwezi wetu wa kuwaombea marehemu, na katekista alikuwa akisoma majina yao mbele ya waumini. Mwanamama mmoja wa jumuiya yake, kwa nia njema kabisa, alikuwa amelitoa jina la kijana yule lisomwe pamoja na hao. Alidhani anamsaidia mwenzake kuutua mzigo. Jina liliposomwa, mama akasimama. Kwetu watu hawasimami wakasema katikati ya misa. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Samahani, katekista. Huyo uliyemtaja sasa hivi yuko safarini. Naomba umsome na wasafiri." Katekista akamtazama padri, padri akaitazama altare. Hatimaye katekista akakohoa, akasema, "Tuwaombee na wote walio safarini," akalitaja tena jina lile, nasi tukaitikia. Tangu siku hiyo lilikuwa likitajwa na wasafiri kila Jumapili, na wapo waliokuwa wakitabasamu kila likitajwa. Mimi sikutabasamu, ila sikuamini.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu Jumatatu. Mji wetu mzima ulikuwa unangoja. Wafumaji walikuwa wanamngoja mwekezaji, waliopunguzwa kazini walikuwa wanangoja kuitwa tena, wakulima wa pamba walikuwa wanamngoja mnunuzi. Kila mwaka tuliambiwa mambo yatatengemaa, nasi tukawa tunavaa vizuri kwenda mkutanoni kusikia tena kwamba yatatengemaa. Kungoja huko tulikuita uvumilivu na busara. Mama mmoja alipomngoja mwanawe kwa kumtegemea Mungu, tukasema kichwa chake kimeathirika. Sijui tulikuwa tunapima kwa kipimo gani. Mwekezaji hakuwa amezaliwa na mtu yeyote kati yetu.

Lakini tumaini lake lilikuwa na bei, na mlipaji hakuwa yeye peke yake. Mkwewe alikuwa msichana mbichi, na miaka ilikuwa inapita. Katika ukoo wa baba yake kijana yule, watu wa visiwani, mtu akipotea ziwani na mwili usipatikane, wazee huzika kipande cha mgomba mahali pake, watu wakalia, wakaanua matanga, na mjane akawa huru. Bila hilo msichana yule hakuwa mke wala mjane. Fundi seremala mmoja kutoka Sengerema, mtu mtaratibu aliyefiwa na mkewe, alikuwa amempenda na amewatuma wazee. Wazee wa ukoo wakaitisha kikao pale Mkuyuni, nami nikaitwa kama jirani. Nilikwenda nikiomba nisiulizwe neno.

Shemeji yake mama, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyesema. Alisema kwa upole, na upole wake uliniumiza zaidi. "Shemeji, hatukuambii umsahau. Tunataka tumlaze, ili huyu mtoto wa watu naye apate kuishi."

Mama alimgeukia mkwewe. "Wewe unasemaje?"

Msichana alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto amelala mapajani mwake. Akasema bila kuinua uso, "Mimi ni mtoto wenu, mama. Mtakalosema ndilo hilo."

"Sijakuuliza wewe ni nani. Nimekuuliza unasemaje."

Msichana akaanza kulia, na hilo likawa jibu. Mama alimtazama, akamtazama na mjukuu wake aliyelala. Alijua kwamba msichana akiolewa Sengerema, mtoto naye atakwenda, na nyumba ile itabaki na mtu mmoja. Mzee mmoja akataka kunichokoza nitoe ushauri, nikatazama miguu yangu. Kisha mama akasema, "Zikeni mgomba wenu. Sitawazuia." Akamshika mkwewe mkono. "Nenda, mwanangu, ukaolewe. Kazi ya kumngoja niachie mimi."

Tulivuka hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa maziko hayo. Kaburi lilichimbwa shambani kwa ukoo, mgomba ukafungwa sanda, wanawake wakalia kilio cha kweli, kwa sababu kijana yule alikuwa anapendwa. Mama alikuwa uani amejifunga kanga yake ya kila siku, anamenya mihogo ya kuwalisha waombolezaji. Hakukanyaga kaburini. Watu walipita mmoja mmoja kumpa mkono, "Pole sana, mama," naye akawajibu kila mmoja bila kuacha kisu, "Poleni ninyi mliofiwa." Baadhi walikasirika. Mimi nilitaka kukasirika nikashindwa, nikaomba kisu cha pili nikakaa kumenya naye. Tulimenya mpaka mihogo ikaisha.

Miaka iliyofuata aliishi peke yake. Kiwanda hakikufunguliwa. Mwanawe hakurudi. Aliendelea kwenda misa ya kwanza, akazidi kukonda, akawa anakohoa. Nilipokwenda kumwona hospitalini mara ya mwisho, nilidhani atasema jambo kubwa la kuagana. Aliniambia tu shati langu limeisha kola. Wala sina ushuhuda wa kuwapa, wasomaji wangu. Ningependa sana kuandika kwamba usiku wa mwisho alipata ishara, au kwamba mtu alitokea ng'ambo akiwa na habari. Hakuna aliyetokea. Aliomba kwa imani mpaka pumzi ya mwisho, na jambo aliloliomba hakulipata, na mimi sijui nilitie wapi hilo katika yote niliyofundishwa tangu utotoni.

Tulimzika Jumatano. Mkwewe wa zamani alifika asubuhi, amevuka kwa kivuko cha Kigongo pamoja na mumewe na yule mtoto ambaye sasa ni msichana wa shule. Padri alihubiri vizuri juu ya imani, akamtaja marehemu kuwa mfano kwetu sote, na watu wakaitikia kwa vichwa, wakiwemo wale waliokuwa wakitabasamu. Baada ya maziko nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba, karibu na akina mama waliokuwa wanaosha masufuria, mkwe akanijia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

Alitazama kwanza mumewe alipokuwa amekaa na wanaume. Akasema kwa sauti ya chini, "Watu wote wanasema mama alikuwa na imani. Ni kweli. Lakini baba, mimi kila nilipokuja kumsalimia, tulikuwa tunaingia chumbani tunafunga mlango, tunamwombea mwanawe sisi sote wawili, arudi. Mume wangu hajui. Ni mtu mwema, hastahili kuumizwa na hilo. Mama ndiye aliyekuwa mtu pekee ambaye ningeweza kumtaja mbele yake." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Sasa nitamngoja na nani?"

Miaka yote ile tulidhani msichana ameacha kumngoja. Tulizika mgomba, tukala mihogo, tukaambiana kwamba msichana amepona. Nilimtazama, nikataka kumwambia neno la Mungu, na maandiko yote niliyowahi kuyasikia yakanikimbia. Nikamwambia aje nyumbani kwangu kila akivuka upande huu, mke wangu atampokea, na amtaje kwa jina lake mpaka aridhike.

Akaniuliza, "Nanyi mnaamini kwamba atarudi?"

Singeweza kumdanganya siku ile. Nikasema, "Siamini, mwanangu."

"Haidhuru," akasema. "Mtakaa nami tu."

Hilo ndilo nililolipata katika msiba huu, wala si kubwa. Tumezoea kumsifu mtu anayemtumaini Mungu katika majonzi yake, tena tunamsifu tukiwa mbali, kisha tunamwacha amngoje Mungu peke yake. Kazi hiyo ni nzito mno kwa mtu mmoja, na hata sisi ambao imani yetu ni haba tunaweza kwenda kukaa naye.