Nusu Karatasi ya Idda

Ofisi ya ushirika wa wakulima wa chai ilikuwa mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini: chumba kimoja chenye dirisha lisilofunga na baridi iliyohamia humo jumla. Kwenye kona, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, ilikaa kompyuta. Mbele ya kompyuta alikaa Idda, kitenge kimefungwa juu ya sweta, na hadi Machi ile ya mwaka 2005 alikuwa amekaa hapo miaka saba.

Kila asubuhi, kabla ya saa nne, alituma Makambako orodha ya mifuko ya chai iliyopakiwa kiwandani. Faili lilipitia kwenye modemu, kisanduku kidogo kilichochomekwa kwenye waya wa simu ya mezani na kupiga kelele za kukera masikio. Bila orodha hiyo, Halfan wa ghala la Makambako hakuruhusu lori litoke getini. Na nani mwingine aliyeweza kuituma? Hakuna. Ofisi nzima iliamini hivyo, na aliyeiaminisha ni Idda mwenyewe.

Ukweli ni huu. Fundi aliyekuja kufunga mitambo mwaka 1998 aliandika maelekezo kwenye nusu karatasi, akaibandika ukutani. Fungua programu, ingia kwenye mipangilio. Siku ya jua, chagua njia ya kutuma iitwayo Zmodem, kasi 9600. Siku ya mvua au ukungu, laini inapokoroma, shuka hadi Xmodem, kasi 2400, na mwambie wa upande wa pili afanye hivyo hivyo, la sivyo ataona takataka kwenye skrini. Basi. Mtoto wa darasa la tano angeweza.

Miezi mitatu baadaye ikasikika kwamba ushirika unapunguza wafanyakazi. Idda alikuwa na watoto wawili na hofu kubwa. Wenzake walipotoka kunywa chai, aliibandua ile karatasi, akaificha ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Meneja, Bwana Yohanes, mtu wa kusoma magazeti na si kuta, aliuliza nani anajua kutuma faili. Mkono mmoja tu ulinyanyuka. Makarani wengine watano waliondoka siku hiyo, akiwemo Modesta, rafiki yake.

Idda alibaki, na kubaki huko ndiko kulikomfunga. Likizo alizisikia kwa wengine. Mara tatu aliomba kuhamishiwa kiwandani, karibu na Matembwe kwao, na mara tatu Bwana Yohanes alicheka kwa upendo wote.

"Dada Idda, ukiondoka wewe, nani atatuma faili?"

Naye Idda alicheka, huku moyoni akijilaani.

Baba yake alipofariki alipewa siku moja. Alifika Matembwe, akazika, akarudi jioni hiyo hiyo na lori la majani ya chai. Binti wa marehemu, hakulala matangani hata siku moja! Shangazi zake walisema mpaka wakachoka. Aliyemtetea ni mama yake: "Kazi ya mwanangu haina mtu mwingine." Idda aliposimuliwa maneno hayo alikwenda kulia chooni, akanawa uso, akarudi kwenye mashine. Karatasi ilikuwa mkobani muda wote. Angeitoa vipi sasa, baada ya miaka yote hiyo?

Jumanne moja ya Machi hiyo, mvua ikinyesha, simu ya mezani ililia. Alikuwa kaka yake, Shadrack, aliyepanda kilimani kutafuta mtandao.

"Idda, mama ana hali mbaya. Tangu jana kila gari likipita anauliza kama umeshuka."

Alikwenda mbio kwa meneja. Bwana Yohanes alisikitika kwa dhati kabisa, kisha akasema, "Tuma faili kwanza. Kesho kuna lori, keshokutwa kuna lori. Vumilia mpaka Jumapili."

Idda alirudi mezani. Alituma, halikwenda. Alituma tena. Halfan akapiga simu.

"Dada Idda, lori linaunguruma hapa, na mimi naona takataka tupu!"

Kichwa cha Idda kilikuwa kitupu. Kazi ya miaka saba, na hakukumbuka hata kasi ya siku ya mvua. Basi akafungua mkoba, akatoa kitabu cha nyimbo, na mbele ya macho ya Zipora, mhasibu, akakunjua nusu karatasi ambayo bado ilikuwa na plasta kwenye pembe zake.

Zipora aliichukua, akaisoma, akamsogeza taratibu. "Hebu nipishe." Akamwambia Halfan ashuke Xmodem, naye akabadilisha upande wake. Faili likaenda mara moja tu.

Bwana Yohanes alikuwa amesimama mlangoni.

"Hiyo ilikuwa wapi?"

"Kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu kina Modesta walipoondoka."

Bwana Yohanes alimpisha mlangoni. "Nenda kamwone mama yako. Ukirudi tutaongea." Kila aliyewahi kuajiriwa anajua maana ya maneno hayo.

Alifika Matembwe alasiri, ameloa mpaka mifupani. Mama yake alikuwa amelala karibu na moto, amebaki macho tu. Idda alimshika mkono, akamwamkia kikwao.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Leo utalala?"

"Nitalala. Nitakaa mpaka upone."

"Kumbe wamepata mtu mwingine wa kazi yako."

Angeweza kudanganya, alikuwa fundi wa hilo. Lakini alikuwa amechoka.

"Hapana, mama. Nimewaachia maelekezo kwenye karatasi."

"Karatasi nyingi?"

"Nusu."

Mama aligeuza uso kwenye moto.

"Siku tuliyomzika baba yako," aliuliza, "hiyo karatasi ilikuwapo?"

"Ilikuwapo, mama."

Mama aliuvuta mkono wake taratibu, akauingiza chini ya blanketi.