Maziwa ya Nyumbani Hayachemshwi

Mama Povu alikuwa muuza maziwa, na jina hilo wateja walimpa kwa sababu mbili. Wenye adabu walisema ni kwa ajili ya povu la maziwa yake yanapomiminwa kikombeni. Wasio na adabu walisema ni kwa ajili ya mdomo wake, na hao ndio waliokuwa wengi. Mwenyewe alizijua sababu zote mbili na hakuna iliyomkera.

Wafugaji walimletea madumu dukani kabla jua halijachomoza. Aliyethubutu kuongeza maji hakurudia, kwa maana alisemwa mbele za watu mpaka akajuta kuzaliwa. Mama Povu alizamisha kipimo, akanusa kila kifuniko, akachuja maziwa kwa kitambaa cheupe, kisha akayabandika motoni kwenye masufuria mawili makubwa. Hakuondoka hapo mpaka yachemke yapande. Bwana afya mwenyewe, aliyekuwa akifunga maduka ya wenzake, asubuhi alikunywa chai yake pale.

Lakini kabla ya sufuria kwenda motoni, kulikuwa na jagi moja lililochotwa na kuwekwa kando. Hilo lilikuwa la nyumbani. Mama yake alifanya hivyo, naye akafuata. Kwake yeye maziwa yaliyochemshwa yalikuwa yamekufa. Ya wateja yafe tu, alisema, mteja anachotaka ni yasiharibike hadi jioni, lakini mtu wa damu yako huwezi kumnywesha maiti. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na hapa hawakukosea hata kidogo.

Basi mdogo wake alipofikisha mimba ya miezi minne, shemeji, dereva wa malori ya safari ndefu, alimleta akae kwa dada yake, maana yeye angeweza kumaliza wiki tatu barabarani. Mama Povu alifurahi kupita kiasi. Huyu hakuwa mdogo wake tu. Mama yao alifariki mdogo huyu akiwa na miaka sita, na tangu hapo Mama Povu ndiye aliyemsuka, aliyemvalisha sare, aliyemchapa na kisha kwenda kulia nyuma ya nyumba kwa kumchapa. Sasa mtoto alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake na mume wake, lakini dada akisema kula, alikula.

Na dada alisema kweli kweli. Mboga zilioshwa mara tatu kwa maji ya chumvi. Yai lililoonyesha kiini laini lilirudishwa motoni. Jirani aliyeleta nyama ya kuchoma yenye wekundu ndani alirudi nayo, na maneno juu. Hakuna mjamzito katika mtaa ule aliyelindwa kama yule, na kila asubuhi alipewa kikombe kikubwa kutoka kwenye jagi la nyumbani. Mama Povu alisimama mlangoni, mikono kiunoni, mpaka kikombe kiishe. Siku mdogo wake aliposema ameshiba, alijibiwa kwamba yeye ameshiba, na mwenzake wa tumboni je, amemuuliza? Akacheka, akanywa, akasema ahsante dada.

Mwezi wa saba wa mimba homa ikaja. Ilipanda jioni ikashuka asubuhi, ikamwacha amelowa jasho, mgongo na magoti vikimuuma mpaka hawezi kukanyaga cherehani. Kliniki walimpima malaria, hakuna. Muuguzi akaanza kuuliza alichokula, kimoja kimoja: nyama, mayai, mboga. Mama Povu alijibu yote yeye, kwa kujiamini, kwa sababu yote yalikuwa safi. Kisha muuguzi akauliza juu ya maziwa, kama yanachemshwa, maana mabichi huweza kuleta homa ya ng'ombe, na homa hiyo huharibu mimba.

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi la nje walikaa wateja wake watatu, wamenyoosha masikio.

"Muuguzi, wewe mwenyewe si unanunua kwangu?" alisema Mama Povu. "Umewahi kuniona nikiuza mabichi?"

Benchi lilicheka. Muuguzi naye alicheka, akaandika, akatoa dawa ya kushusha homa. Mdogo wake aliinamia kadi yake ya kliniki.

Halikuwa jibu la uongo, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Mama Povu aliujua ujanja wa jibu lile kabla halijamaliza kutoka mdomoni. Njiani aliongea mambo mengi yasiyo na maana: bei ya mkaa, ndoa ya mtu, viatu vya muuguzi. Kesho yake alichota jagi la nyumbani, akalitazama, akalimimina lote kwenye sufuria ya wateja. Basi moyo wake ulikuwa umeshakiri. Kilichobaki ni mdomo, na mdomo ule uliokuwa haukosi la kumwambia mfugaji wala bwana afya sasa ulifungika. Alijiambia angoje dawa zifanye kazi, labda ni uchovu tu. Akangoja siku mbili, na kila mteja aliyesifu maziwa yake alimwona kama anamtukana.

Siku ya tatu, mchana, mdogo wake aliacha kushona, akaweka mkono tumboni. Akasema mtoto hajacheza tangu asubuhi.

Mama Povu aliacha duka wazi na maziwa motoni. Walipofika kliniki hakungoja kuulizwa, wala hakuangalia nani amekaa kwenye benchi.

"Nimempa maziwa mabichi," alimwambia muuguzi. "Kila siku, miezi mitatu. Juzi nilikuficha."

"Mficha uchi hazai, mama," alisema muuguzi, tena kwa upole, akaanza kutoa damu ya kupima. Mama Povu angependa kutukanwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na upole ule ulimuumiza zaidi. Waliweka kifaa tumboni, wakatafuta, wakatafuta tena, na mwisho mapigo ya moyo yakasikika, ya haraka na dhaifu. Mama Povu alikaa chini sakafuni.

Walipoachwa wawili chumbani alianza kuomba msamaha. Alisema hakujua, aliona ni afya, mama yao alifanya hivyo hivyo. Mdogo wake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilijua, dada."

"Ulijua nini?"

"Tulifundishwa siku ya kwanza ya kliniki. Maziwa yachemke, nyama iive, mayai yaive."

"Sasa mbona ulikunywa?"

Mdogo wake hakuwa na hasira hata chembe.

"Ulikuwa umesimama mlangoni," alisema.

Mpaka hapo Mama Povu alijiona mjinga, na ujinga una msamaha wake. Sasa aliona kitu kingine: mtoto aliyemlea kwa mikono yake alikuwa tayari kunywa sumu kuliko kumwambia hapana. Heshima si utumwa, watu husema. Yeye aliona aibu, maana hakuweza kukumbuka ni lini alimfundisha mdogo wake tofauti ya hayo mawili.

Damu ilionyesha ni ile homa ya ng'ombe. Dawa zilinywewa wiki sita, naye Mama Povu akawatangazia wateja wake mwenyewe, dukani, kuhusu lile jagi. Wengine walihama, na hakuwalaumu. Mtoto alikuja wiki tano kabla ya siku zake, msichana, kilo mbili kasoro gramu mia. Muuguzi alisema watoto wengi huwahi bila sababu, hakuna awezaye kujua. Mama Povu alishukuru, lakini zile gramu mia aliziona ni zake.

Mazoea yana taabu. Siku ya nne mtoto alilia sana, akalikataa ziwa kila akipewa. Mama Povu alienda jikoni, akachemsha maji mpaka yakaruka, akachemsha na kijiko, akaweka sukari kidogo, akayapooza. Safari hii alikuwa na uhakika. Aliingia chumbani, akainama na kijiko.

"Mpe matone mawili tu, koo limemkauka."

Mdogo wake aliufunika mdomo wa mtoto kwa kiganja.

"Hapana, dada. Wamesema ziwa tu."

Kijiko kilibaki hewani. Kwa miaka ishirini hakuwahi kulisikia neno lile kutoka kwa mtu huyu, na maneno yake yote ya kujibu yalimjia kwa pamoja mpaka kooni. Akayameza. Machozi yalimlengalenga mdogo wake, lakini mkono hakuuondoa.

"Haya, mama," alisema Mama Povu, akatoka kwenda kuyamwaga yale maji.