Ukurasa wa Ijumaa

Ida alizaliwa Vidunda, kule milimani, akashuka Mikumi kufua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo karibu na hifadhi. Alifua miaka sita. Ndipo meneja akamwambia kwamba akiweza kuwasimulia wageni kwa Kiingereza mambo ya jana, atatoka kwenye mabeseni akae mapokezi.

Akaja kwangu. Kiingereza changu nilikiokota kwenye vitabu vilivyotupwa na misheni, neno moja moja, kwa kibatari. Vijana wa leo wanakiokota kwenye simu. Nilimsikia mmoja akimwambia mgeni, "Yesterday I go," na mgeni akamtazama kwa huruma. Hawaijui jana yao wenyewe, wataisemaje?

Ida nilimpa kazi ya kizamani. Kila asubuhi, akipita kwenda kazini, anisomee sentensi tano za aliyoyafanya jana, kwa vitenzi ambavyo hajavitumia bado wiki hiyo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Jana ulifanya nini?"

Alifua. Alianika. Alichota maji. Sikupata kosa la kusahihisha, na hilo lingenishtua mapema kama ningekuwa na akili.

Jumatano moja nilishika daftari lake nitie alama ya vema, upepo ukalifunua. Ukurasa wa Alhamisi ulikuwa umejaa. Wa Ijumaa pia.

"Ida, mambo ya kesho umeyajuaje?"

Akacheka kwa aibu. "Niliandika yote Jumapili, mwalimu, baada ya ibada. Siku zangu zinafanana kama mashuka. Nikiandika nimefua, nitafua tu."

"Na hii?"

Ijumaa, mstari wa tano: "Yesterday we buried my mother." Jana tulimzika mama yangu.

Akaacha kucheka. "Vitenzi viliniishia. Hicho nilikitoa kwenye orodha ya vitenzi uliyonipa."

Mama yake, Magreti, alikuwa hai Vidunda. Kwa daftari lile, alikuwa anazikwa kesho.

"Futa, mwalimu."

"Karatasi haiui mtu," nikasema. Hata hivyo nilitafuta raba, lakini alikuwa ameandika kwa wino. Nilipotaka kuchana, akanishika mkono.

"Usichane! Ukichana ndiyo utakuwa umemmaliza kabisa."

Siku nzima alipiga simu ya mama yake. Haikupatikana.

Alhamisi asubuhi Ida alikuwa barazani kwangu, macho mekundu, Magreti alipotokea mwenyewe barabarani, vumbi hadi magotini. Ida akapiga magoti.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba." Akabaki amesimama. "Alfajiri tatu nasikia majembe nyuma ya nyumba yangu, tangu Jumatatu. Nikitoka, udongo haujaguswa. Jana yaligonga mwamba. Nani ananichimbia?"

Ida akamsomea ukurasa ule, akaueleza kwa Kiswahili huku akilia. Magreti akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyemfundisha?"

"Ni mimi."

"Basi shika jembe."

Zamani kule milimani mtu akipotea na mwili usionekane, walizika mgomba badala yake. Ida hakuwahi kuona. Nani angemwonyesha, wakati mazishi ya leo ni maturubai na spika? Magreti alichagua mgomba nyuma ya jiko langu, akaukata kwa urefu wake mwenyewe, akauvika kanga aliyokuja nayo. Tulichimba, mimi na Ida. Jembe langu lilipogonga jiwe, Magreti aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia hodi aliyokuwa akiingoja.

"Lia vizuri," alimwambia Ida tulipoanza kufukia. "Ni mimi huyo."

Tulipomaliza alinawa mikono, akaanza kuondoka. Ida alitaka kumpeleka hadi kituoni.

"Aliyezikwa hasindikizwi," akasema, akaenda bila kugeuka.

Ijumaa Ida alinisomea sentensi zote tano kwa sauti ndogo. Hakukuwa na uongo hata mmoja. Nikatia vema.

Sasa yuko mapokezi, na wageni wanamsifu. Wiki haandiki tena kabla haijapita. Magreti yu hai, na majembe yamenyamaza. Ida akimpigia simu, anapokea, anasikiliza, anauliza habari za kazi. Ila akiamkiwa shikamoo, hajibu kitu. Anangoja tu neno linalofuata.