Mtambuu wa Bi Mosi

Bi Mosi, jirani yangu, alikuwa na mdomo moto. Mimi Esta, wangu nao si wa baridi, ndiyo maana tuliwezana. Ndoa ndiyo iliyomleta Singida kutoka Pangani, na alikuja na tawi la mtambuu wa mama yake kwenye kopo. Mumewe alipofariki hakurudi pwani. Mtambuu ulitambaa nyuma ya jiko, chini ya kichanja cha mabua ya mtama, maana jua hauliwezi. Hakuna harusi ya Waislamu pale mjini iliyotafuna tambuu lisilotoka kwake.

Serikali ilipofungulia biashara baada ya miaka ya uhaba, maduka yakaanza kujaa, mtambuu ukaanza kufa. Majani yaliungua pembeni, machipukizi yakadumaa. Akaongeza kivuli, wapi! Akatia samadi ya mbuzi, ndiyo kwanza ukanywea. Basi akamgeukia Rahma, binti wa kijijini Ulemo aliyeolewa na mwanawe Abdillahi.

"Umeugusa ukiwa na siku zako!"

"Haki ya Mungu, mama, sijaukaribia."

"Basi una jicho. Ukifa huu, unarudi kwenu Ulemo."

Abdillahi, mwanamume mzima na ndevu zake zote, akainamisha kichwa tu. Niliumia, jamani. Rahma akaanza kufunga nguo zake kwenye kanga.

Mchana huohuo nikaenda kuazima kinu. Nikamkuta Bi Mosi kainamia mtambuu, anamwaga beseni zima. Harufu ikanipiga puani.

"Shikamoo Bi Mosi. Maji gani hayo?"

"Marahaba. Nimerowekea papa. Siku hizi Abdillahi ananiletea kutoka pwani, si kama zamani. Kila nikiroweka, naugawia na huu. Umezaliwa kando ya bahari, Esta, huku unaona ukiwa. Nauonjesha kwao."

Nilichemka. "Papa wa chumvi? Bi Mosi! Umeshaona mtama ukiota pale ufukweni mwa ziwa Singidani, kwenye magadi?" Nikachota udongo, nikautia ulimini. Chumvi tupu. "Onja mwenyewe!"

"Unanilisha udongo, mtoto wa Kinyaturu wee?"

"Onja, kabla mtoto wa watu hajapanda lori!"

Akaonja. Akatema. Akaonja tena. Machozi yakamlengalenga, na mimi niliyekuja na hasira zangu nikamwonea huruma.

Rahma alikuwa ameshatoka mlangoni, furushi kichwani.

"Rahma," Bi Mosi akaita. "Tua hilo furushi, mwanangu. Chota maji ya mvua pipani. Lile tawi la juu bado lina uhai, njoo ulikate tulipande upya."

Rahma hakusogea. "Mama, si nimekatazwa kuugusa?"

"Mkono wangu ndio unaoua," Bi Mosi akasema. "Uguse wewe."