Sakafu ya Gari la Okello

Jumatatu asubuhi Syprose aliinua zulia la plastiki ndani ya gari la marehemu mumewe, Okello, akagusa bati la sakafu, na kidole kikatokea upande wa pili. Akaketi pale pale mlangoni. Ijumaa gari hilo lilikuwa limpeleke marehemu mama wa jirani yake Monicah kwao, ng'ambo ya mto Sondu, akazikwe.

Kwa miaka kumi na tisa, wafanyakazi wa chai waliotoka upande wa ziwa, wakifia huku mashambani, walirudishwa nyumbani na gari hilo jeupe lililoandikwa mlangoni "J. Okello na Familia". Halikuwahi kukwama njiani. Okello mwenyewe alipokufa, lilimpeleka kwao. Tangu siku hiyo Syprose, mwalimu mstaafu, alililinda jina lile kuliko kitu chochote alichoachiwa. Kila safari ilipoisha alimwaga ndoo sita za maji ya sabuni juu ya zulia, akasugua mpaka watu wakasema gari la Okello ni safi kuliko kanisa.

Alilipeleka kwa Chepyegon, fundi wa bodi za magari pale Kapsoit, akamwomba aliingize nyuma ya gereji, mbali na macho ya barabarani. Chepyegon akalala chini akagonga kwa nyundo. Mahali pengine palilia, pengine palinyamaza. Alitoka na unga mwekundu wa kutu kwenye nyusi.

"Mwalimu, hii gari umeinywesha maji kuliko ng'ombe wangu," alisema. "Yanaingia chini ya zulia, hayana pa kutokea. Usafi wako ndio umekula sakafu."

Uso ulimchoma Syprose. Ni yeye aliyewafundisha watoto wa darasa la sita, mwaka baada ya mwaka, jinsi maji na hewa vinavyokila chuma.

Fundi akamweleza kwamba angeweza kubandika bati dogo, akapaka puti ya kuziba matundu, kisha rangi, na Alhamisi hakuna ambaye angejua. Ama akate sakafu yote achomelee mpya, kazi ya wiki mbili.

"Hiyo ya puti itabeba jeneza?"

"Kwenye lami, itabeba."

"Na ile barabara ya kwao Monicah?"

Chepyegon alijifuta nyusi. "Mimi singempakia mama yangu."

Siku nzima Syprose hakula. Akisema ukweli, soko zima lingejua kabla ya jioni, na wangesema Okello alikufa, na nyumba yake ikafa naye. Akinyamaza, kulikuwa na ule mteremko wa mawe wa kwao Monicah, na watu wakitembea nyuma ya gari. Mara mbili alitaka kumpigia fundi amwambie apake puti. Mara mbili akakata simu kabla haijaita.

Jumanne alikwenda msibani, akikusudia kumwita Monicah kando. Monicah akamtangulia. Mbele ya waombolezaji wote alisimulia jinsi mama yake, siku za mwisho, alivyosisitiza apelekwe na gari la Okello, maana hilo hufika.

Syprose alibaki amesimama, mkoba kifuani.

"Sakafu imeoza," alisema. "Mimi ndiye niliyeiozesha kwa maji. Siwezi kumlaza mama yenu pale."

Mtu mmoja akakohoa. Monicah akamgeukia.

"Sasa mama ataenda na nini?"

"Na gari la kukodi. Nitaketi kando yake mpaka kaburini."

Ijumaa gari la kukodi lilipita Kapsoit. Chepyegon alikuwa amelisogeza lile jeupe mpaka kando ya barabara apate mwanga wa kuchomelea. Sakafu yote ilikuwa imeng'olewa, nyasi zikionekana chini, na jina la Okello likitazama wapitao. Wanawake waliokuwa garini wakanyoosha shingo. Syprose naye akatazama.

"Litakuwa tayari lini?" Monicah akauliza.

"Wiki mbili," Syprose alijibu, asijue kama ameulizwa kwa dharau au kwa kulihitaji.

Walipoiacha lami, gari likaingia shimo la kwanza. Syprose akalishika jeneza kwa mikono miwili, akaisikiliza sakafu.