Gunia Kutoka Chewele

Kwenye barabara ya kutoka Chewele kuteremka hadi Garsen, baiskeli isiyo na mzigo ni kitu cha kushangaza. Baiskeli hubeba maembe, mitungi ya maji, mgonjwa, hata kitanda. Kwa hiyo Josiah Ngala alipoteremshiwa baiskeli yake nyeusi kutoka juu ya basi, keria ikiwa tupu, watu wa Chewele walimzunguka wakamwuliza anauza nini. Akasema hauzi kitu. Wakamwuliza anagombea kiti gani. Akasema hagombei. Mmoja akahitimisha kwamba kumbe ni mpimaji wa ardhi, na hao ndio wa kuogopwa zaidi.

Ukweli ulikuwa mfupi. Alikuja ili aendeshe baiskeli kwa siku mbili mpaka Garsen, akiomba vifaa vya ufundi njiani kwa ajili ya vijana tisa.

Josiah alikuwa mtu wa Idsowe, mwenye miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka thelathini alikuwa amebeba magunia ya maembe kwa baiskeli hiyo hiyo hadi soko la Garsen. Hakuwahi kushindana mbio na mtu. Lakini baada ya mafuriko kuchukua mashamba, aliwaona vijana wa Kigiriama, Kipokomo na Kiorma wakiacha shule mmoja mmoja na kukaa stendi kutazama malori. Hilo lilimuuma. Alikuwa akisema kwamba kukaa bure nako ni ufundi, na aliyehitimu ufundi huo hauachi.

Fundi Laban, mchomelea vyuma mzee, alikubali kuwafundisha bila malipo kwa sharti moja: papatikane mahali penye paa na mlango. La sivyo, mwisho wa mwezi angehamia Malindi kwa mwanawe. Mahali palikuwapo. Pale Garsen kulikuwa na karakana ya mabati iliyofungwa kufuli, mali ya Abdia, mjane wa Kiorma aliyerudi Chewele kuishi na binti yake. Ufunguo alikuwa nao mdogo wake, Darmi, muuza maziwa wa sokoni, naye hakuutoa bila neno la dada yake. Tangu mumewe afariki, Abdia alikuwa amewapa watu ufunguo mara mbili, na mara mbili akakuta mabati yamepungua. Alipopigiwa simu alijibu kwamba anayeitaka karakana aje, amwone uso.

Basi Josiah akaenda kuonwa uso. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akaitazama baiskeli kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mwenyewe. Kisha yeye na binti yake wakatoka ndani wakiburuta gunia, mdomo wake umeshonwa kwa uzi mweusi, mshono mdogo mdogo wa kubana.

“Mfikishie Darmi,” alisema. “Usifungue. Darmi akiridhika, ufunguo ni wako.”

“Kuna nini ndani, mama?”

“Kama ningetaka watu wajue, nisingeshona.”

Mtu aliyebeba magunia miaka thelathini huujua mzigo kwa mwendo wake. Maembe hukaa, mahindi humiminika, makaa hulalamika njia nzima. Gunia hili halikusema kitu. Ukubwa wake ulikuwa wa mwana-mbuzi aliyelala, uzito wake wa mtu mzima, nao ulivutia upande mmoja tu. Josiah alijaribu kila jibu. Jiwe la kusagia? Lingekuwa pana zaidi. Chumvi ya ng'ombe? Ingemwaga unga. Kila alipopanda kilima kidogo alilichukia gunia, na kila alipoteremka alilifikiria.

Vifaa vilipatikana, si haba. Mjini Hola, seremala mmoja alimpa nyundo isiyo na mpini. Kule Wenje, mwanamke mmoja alimpa mwiko wa uashi wa marehemu kaka yake, akaupangusa kwa leso kabla ya kumkabidhi. Lakini kila aliyetoa aliuliza habari za gunia, na alipoambiwa kwamba hata mbebaji hajui, alimtazama Josiah kwa huruma. Kijana wa bodaboda aitwaye Wako alipunguza mwendo akaenda sambamba naye.

“Mzee, umebebeshwa jiwe. Huyo bibi anakucheka mpaka saa hii.”

“Basi jiwe litafika,” Josiah akamjibu.

Siku ya pili alasiri, kwenye kipande kilicholiwa na mafuriko, spoku mbili zilikatika kwa mpigo. Baiskeli ikayumba, gunia likajigonga kwenye chuma cha keria, na uzi mweusi ukakatika. Mishono minne ikaachia. Pakabaki tundu la kupitisha vidole viwili, na mle ndani giza.

Josiah aliegemeza baiskeli akasimama. Mfukoni mwa shati alikuwa na shazia, sindano ile ndefu ya kushonea magunia, pamoja na kibonge cha uzi mweusi. Hakuwahi kutoka nyumbani bila vitu hivyo. Angeweza kuiga mshono wa mtu yeyote, na Darmi asingejua kamwe. Barabarani hapakuwa na mtu, kaskazini wala kusini.

Alijiambia kwamba hakufungua kitu, uzi umekatika wenyewe, na kushona si kusema uongo. Akamkumbuka Beryl, mmoja wa wale tisa, aliyekuwa akija kila jioni kuuliza kama yule mama wa Chewele amejibu. Ufunguo ukizuiwa kwa ajili ya mishono minne, uaminifu utakuwa umemsaidia nani? Shazia ilikuwa tayari mkononi. Na lile tundu lilimwita kwa upande wake: chungulia tu, nani atakuona.

Hapo ndipo watu wengi huanguka, tena watu wema, maana uovu uliovaa nguo ya msaada haubishi hodi. Josiah aliutazama mshono wa Abdia. Akaona kwamba kuuiga ni kutia sahihi kwa jina la mwenzake. Akairudisha shazia mfukoni, akavua shati, akageuza uso upande wa mtoni na kulizungushia gunia kwa kupapasa, kama kipofu anayemvika kipofu mwenzake. Akaingia Garsen na fulana yenye matobo, gurudumu likiyumba.

Darmi alikuwa akiosha vibuyu. Alipolifungua shati, shazia ilianguka mkekani na kibonge cha uzi kikabingirika mpaka miguuni pake. Akavitazama. Kisha akapitisha kidole kwenye mshono, akafika penye tundu.

“Limefunguka.”

“Limefunguka pale palipoliwa na maji, dada. Sikuangalia.”

“Na sindano ulikuwa nayo?”

“Nilikuwa nayo.”

“Na uzi mweusi?”

“Na uzi.”

“Kwa nini hukushona?”

“Mshono si wangu.”

Darmi akampigia dada yake simu. Walizungumza Kiorma kwa muda mrefu, na Josiah hakuambulia ila jina lake mwenyewe, lililotajwa mara tatu, na hakupenda namna lilivyotajwa. Mwishowe Darmi akaweka simu chini.

“Anasema uzi ule ni wa miaka sita, alishona nao siku ya msiba, umeoza. Anauliza wewe ni mtu wa namna gani, unatembea na sindano na huitumii.”

Akafungua fundo la pembe ya leso yake, akatoa ufunguo.

“Sasa angalia.”

Josiah, aliyekuwa ameisubiri ruhusa hiyo kwa siku mbili, alipiga magoti bila haya akatazama. Ilikuwa jiliwa, kile chuma kizito cha mezani kinachobana kazi ya fundi, ya mume wa Abdia. Meno yake yalikuwa yameumana kwa kutu. Mjane aliing'oa mezani siku aliyomzika mumewe, asione mtu mwingine akiitumia; sasa ameirudisha.

Laban hakwenda Malindi. Vijana waliimwagia jiliwa dizeli siku tatu, wakazungusha kwa zamu bila mafanikio, mpaka Beryl alipoegemeza uzito wake wote na ikalia kama mlango wa zamani. Kitu cha kwanza ilichobana ni mti wa kuchonga mpini wa nyundo ya Hola. Josiah alisimama mlangoni akitazama, spoku mbili mpya mkononi, akingoja zamu yake.