Ngoma ya Kambale yenye ordinateur ilinyoosha

Leo niliwekea chorale, kwaya yetu, ngoma yenye kaka yangu mukubwa Kambale alirekodi, na hakuna mutu aliimba.

Yeye alikuwaka anapiga na bidole, mu kamashini kake ka ngoma. Alikufa mwaka jana.

Mimi niliingiza ngoma yake mu ordinateur, kompyuta yangu, nikafinya «corriger», ile ya kunyoosha mapigo. Yote ikakaa mu mustari. Safi kabisa!

Kisha nikafuta ngoma ya mwanzo mu kamashini, juu ya nafasi ilikuwa imejaa.

Basi leo, Mama Kavira mwenye kuongoza chorale akainua mukono. Akangoja. Akaushusha.

«Kambale alikuwaka anachelewa kidogo, baba. Pale njo tulikuwaka tunaingilia kuimba.»

Sikulia. Nilikunja waya tu.

Mwenye angali na audio ya zamani ya Kambale akipiga, hata yenye batoto banalia ndani, anitumie. Natafuta tu pale anachelewa.